Sanduku Kwanza, Wati Baadaye: Hotuba kwa Wapiga Besi na Mafundi Mitambo

Ndugu wapiga besi, ndugu mafundi mitambo, viongozi wa bendi, walimu wa kwaya, na ninyi wazee wetu mliokuwa jukwaani kabla baadhi yetu hatujazaliwa, nawasalimu wote kwa heshima. Wenzetu wengi wako safarini na bendi zao na wameomba maneno haya yaandikwe kama yalivyosemwa. Kwa hiyo nitajitahidi kueleza kila jambo kwa ukamilifu, ili na yule atakayesoma akiwa mbali apate haki yake.

Swali ninaloulizwa na wapiga besi kuliko mengine yote ni hili: ninunue amplifaya ya wati ngapi? Ni swali la haki, kwa sababu idadi ya wati ndiyo inayoandikwa kwa tarakimu kubwa, na ndiyo muuza duka anayoitaja kabla hujamaliza kumsalimia. Lakini leo naomba tulipange swali hilo upya. Kabla hujauliza wati, uliza utapiga wapi. Ukishajua utapiga wapi, uliza sanduku gani la spika litafikisha noti zako kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. Ukishapata sanduku, ndipo uulize ni amplifaya gani italiendesha bila kulitesa. Ukumbi, sanduku, amplifaya. Wengi wetu tunaanza na la mwisho, na fedha zinakwisha kabla hatujayafikia yale mawili ya kwanza.

Tuanze na noti yenyewe. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ile E iliyo wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita 8. Uzi wa tano wa besi ya nyuzi tano, ile B ya chini, hutetemeka mara 31 hivi, na wimbi lake linafika mita 11. Ni vyumba vingapi vya mazoezi tunavyovijua ambavyo vina mita 11 kutoka ukuta hadi ukuta? Ili spika itoe noti ya chini kwa nguvu ile ile ya noti iliyo okteva moja juu yake, koni yake, yaani ile sehemu ya mbele inayotetemeka, inatakiwa isafiri mbele na nyuma umbali mara nne zaidi. Mara nne, ndugu zangu, kwa okteva moja tu! Kazi ya besi ni kazi ya kusukuma hewa, na hewa haisukumwi na tarakimu iliyoandikwa kwenye paneli.

Jambo hili liliwasumbua watengenezaji wenyewe tangu mwanzo. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi la Precision mwaka 1951 huko California, aliona mara moja kwamba amplifaya za magitaa zilizokuwepo zisingeweza kulibeba, na mwaka 1952 akatoa amplifaya ya Bassman yenye spika moja ya inchi 15. Katikati ya muongo huo Bassman ikabadilishwa ikawa na spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma. Ninyi mafundi mnajua maana ya sanduku lililo wazi nyuma: wimbi linalotoka nyuma ya koni linazunguka na kukutana na lile la mbele, na katika noti za chini mawimbi hayo mawili yanafutana. Matokeo yake ni kwamba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mpiga besi kikachukuliwa na wapiga gitaa la solo, wakakipenda mno, kiasi kwamba Jim Marshall kule London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alijenga amplifaya yake ya kwanza kwa kuufuata mchoro wa Bassman. Jina lilikuwa la besi, saketi ilikuwa nzuri, lakini sanduku ndilo lililoamua nani ataitumia.

Sasa tuziangalie wati, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninasema hazina maana. Ukiongeza wati maradufu, kutoka 300 hadi 600, unapata ongezeko la desibeli 3, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Je, desibeli 3 ni kiasi gani sikioni? Ni tofauti ambayo mtu anaitambua akiwa makini, wala si tofauti ya kumfanya mcheza dansi ageuze shingo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 300, mara mbili ya sauti haipatikani kwa wati 600. Inahitaji wati 3,000, na hakuna sanduku moja la kawaida litakalozipokea likabaki zima.

Niliwahi kuombwa ushauri na bendi moja ya dansi, ambayo sitaitaja, iliyokuwa imeuza amplifaya yake ya wati 300 na kununua ya wati 600 kwa fedha za michango ya wanachama. Walinunua, wakaifunga, wakapiga, na malalamiko yakawa yale yale: besi haisikiki. Fedha imekwenda, besi haisikiki! Sanduku lao lilikuwa moja, lenye spika mbili za inchi 10 na ukinzani, yaani kiasi linavyouzuia umeme wa amplifaya, wa omu 8. Nikawashauri wakaazime sanduku la pili linalofanana kabisa na la kwanza, waliunganishe sambamba, na wasiguse kitu kingine chochote. Eneo la koni likawa mara mbili, na ukinzani ulipopungua hadi omu 4 amplifaya nayo ikatoa nguvu zaidi, na mambo hayo mawili yakijumlishwa huweza kufikia desibeli 6. Siku hiyo mpiga besi alipunguza sauti kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na bendi. Amplifaya ya zamani ya wati 300, ile waliyoiuza, ingeweza kuifanya kazi hiyo bila jasho.

Ndiyo maana nawasihi, mnaposoma karatasi ya spika, tafuteni tarakimu ambayo haisomwi na wengi, yaani usikivu wa spika: ni desibeli ngapi inatoa ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Sanduku la desibeli 100 likilinganishwa na la desibeli 94, tofauti ni desibeli 6, na hiyo ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Mwenye sanduku la desibeli 100 na wati 200 analingana na mwenye sanduku la desibeli 94 na wati 800. Nani kati yao ametumia fedha zake vizuri?

Na hapo hapo mkumbuke kidhibiti cha besi kilicho mbele ya amplifaya. Ukikipandisha desibeli 6 umeidai amplifaya nguvu mara nne katika noti hizo za chini, na ukikipandisha desibeli 10 umeidai mara kumi. Vijana wengi hukizungusha hadi mwisho nyumbani, wakiwa peke yao, sauti ikiwa ndogo, na inapendeza. Kisha wanakwenda ukumbini na mpangilio ule ule, amplifaya inaishiwa nguvu katikati ya wimbo wa kwanza, sauti inaanza kukwaruza, koni zinagonga mwisho wa safari yake, na lawama inaangukia chombo.

Kuhusu sanduku lenyewe, kuna kanuni inayohusishwa na Mmarekani Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH, nayo haikwepeki. Sanduku linaweza kuwa dogo, linaweza kushuka hadi noti za chini sana, linaweza kutoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Hesabu zake zikaja kukamilishwa na Neville Thiele, mhandisi wa Australia, katika miaka ya 1960, na Richard Small katika miaka ya 1970, na hadi leo vipimo vya spika vinaitwa kwa majina yao. Wametusaidia sana katika masanduku yenye tundu la hewa, ambayo hulitumia wimbi la nyuma ya koni badala ya kulipoteza, na hivyo kushuka chini zaidi kuliko sanduku la ukubwa ule ule lililozibwa. Lakini tundu lina gharama yake. Chini ya noti ambayo sanduku limepimiwa, koni inabaki bila hewa ya kuizuia, na hapo ndipo spika nyingi za besi ya nyuzi tano zinapokatikia.

Mnalijua sanduku la Ampeg lenye spika nane za inchi 10, lile refu kama kabati, ambalo kila mpiga besi ametamani kusimama mbele yake? Amplifaya yake, SVT, ilitoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 za valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, na bendi ya The Rolling Stones waliizungusha Marekani mwaka huo huo ikiwa bado mpya kabisa. Watu wanadhani ukubwa wa sanduku lile ni kwa ajili ya kushuka chini. Sivyo. Sanduku lile limezibwa, limegawanywa vyumba vinne vya spika mbili mbili, na kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, toleo linalouzwa siku hizi linaanza kupungua nguvu kwa desibeli 3 tayari kwenye hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, juu ya E ya wazi! Kinacholipa heshima yake ni eneo kubwa la koni, usikivu wa desibeli 100, na namna noti inavyoanza na kuisha mara moja. Sikio letu halihitaji mtetemo wa 41 wenyewe kwa wingi ili kuitambua E. Likisikia vizuri ule wa 82 na ule wa 123 ulio juu yake, linaikamilisha noti lenyewe.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapougusa muziki wetu. Besi ya dansi, iwe ya Dar es Salaam, ya Nairobi au ya Lubumbashi, haijazi kila nafasi. Mpiga besi anapiga noti mbili tatu, ananyamaza, anaacha gitaa la rhythm lipite, anarudi mahali ambapo msikilizaji hakumtarajia, na wimbo unapofika kwenye chemko mapengo yale ndiyo yanayowainua watu vitini. Mapengo yale ni sehemu ya tungo. Sasa chukua sanduku linalovuma, linaloendelea kutetemeka baada ya kidole kuondoka kwenye uzi, liweke katika ukumbi wa sementi unaovuma nao. Pengo limekwenda wapi? Limejazwa. Noti ya kwanza bado inazunguka ukumbini wakati ya pili inapigwa, na kile alichokitunga mpiga besi kwa uangalifu kinawafikia watu kama mngurumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Kwa muziki wetu, nasema bila kusita, sanduku linalonyamaza haraka lina thamani kuliko sanduku linaloshuka chini sana. Mnapokwenda kujaribu chombo dukani msipige noti ndefu ya E na kusikiliza sakafu ikitetemeka. Pigeni mstari wenu halisi wenye mapengo, kisha sikilizeni mapengo.

Na msibabaishwe na inchi. Spika ya inchi 15 si lazima ishuke chini kuliko ya inchi 10. Inategemea jinsi spika ilivyotengenezwa na sanduku ilimofungwa. Ile desturi ya kuweka sanduku la inchi 15 chini na la inchi 10 nne juu nimeikuta kila mahali, na kwa maoni yangu masanduku mawili yanayofanana yanafanya kazi kwa uelewano zaidi, kwa sababu spika tofauti huweza kuvutana katika baadhi ya noti, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta.

Tuje kwenye kuunganisha. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa omu 2. Amplifaya nyingi za transista zimeandikwa nyuma kwamba zisishushwe chini ya omu 4, na maandishi hayo si pambo. Nilikuwapo kwenye harusi moja ya uwanjani ambapo bendi, kwa nia njema ya kuwafurahisha wenyeji, iliongeza sanduku la pili la omu 4 juu ya lile la kwanza la omu 4. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Bibi harusi alipoinuka kutuzwa, amplifaya ikapata joto, ikajizima yenyewe, na nusu saa ikapita watu wakicheza bila besi. Haikuungua, kwa sababu ilikuwa na kinga, nyingine hazina. Kwa amplifaya za valvu hatari iko upande wa pili pia: usiiwashe na kuipiga bila sanduku kuunganishwa, kwa maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuharibika, na mafundi wa kuisuka upya wamebaki wachache.

Waya nao uwe wa spika. Kebo ya gitaa na kebo ya spika zinaweza kuwa na jeki zinazofanana kabisa kwa macho, lakini ndani ya kebo ya gitaa kuna uzi mwembamba wa shaba uliozungukwa na kinga ya kelele, haukutengenezwa kubeba mkondo wa wati 500, na hupata joto na kuyeyuka. Kama chombo chenu kina tundu la Speakon, litumieni. Linajifunga, halichomoki mtu anapokanyaga waya, na halikubali kebo ya gitaa hata kwa bahati mbaya.

Wengi wetu tunapata vyombo kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Ni baraka, lakini kule umeme ni volti 120, hapa Tanzania ni 230, na Kenya ni 240. Zile amplifaya nyepesi za kisasa zenye uzito wa kilo 3 hivi, baadhi yake hupokea volti zote, na nyingine zina swichi nyuma au ndani. Msidhani, someni maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Na anayetumia transfoma ya kushusha volti akumbuke kwamba umeme wa kule ni hezi 60 na wetu ni 50, na transfoma haibadilishi hilo, kwa hiyo chombo cha zamani kilichotengenezwa kwa hezi 60 pekee kitapata joto zaidi.

Sasa mahali pa kuweka sanduku. Kanisa moja lililoezekwa kwa bati na kusakafiwa kwa marumaru liliniita kwa sababu waumini wa nyuma walilalamika kwamba besi inawaumiza kifua, na wakati huo huo mpiga besi, kijana mwenye kipaji kikubwa, alilalamika kwamba hajisikii. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Sanduku lilikuwa sakafuni, kwenye kona, likielekea magotini mwake. Sauti za juu za besi, zile zinazotuambia ni noti gani, husafiri mbele kwa mstari kama mwanga wa tochi, kwa hiyo zilikuwa zikipita katikati ya miguu yake. Sauti za chini huenea kila upande, na kona ya kuta mbili na sakafu huziongezea nguvu. Yeye asiposikia noti anaongeza sauti. Akiongeza, wa nyuma wanapata mngurumo. Tulilitoa sanduku kwenye kona, tukalipandisha juu ya benchi imara hadi likakaribia masikio yake, tukapunguza kidogo eneo la hezi 100 hadi 200 kwenye ikwalaiza, na sauti yote ikashuka. Kijana akajisikia, na wazee wa nyuma wakaacha kulalamika. Hatukununua kitu.

Kama ukumbi una spika kubwa za mikisa, sanduku lako halina wajibu wa kuwafikia watu wote. Linakuhudumia wewe na mpiga dramu, na ukumbi unahudumiwa na fundi mitambo. James Jamerson, ambaye besi yake iko katika rekodi nyingi mno za kampuni ya Motown kule Detroit, alikuwa akipiga vilabuni kwa Ampeg B-15, amplifaya ya mwaka 1960 yenye spika moja ya inchi 15 na wati zisizozidi 30, na studio mara nyingi besi yake ilikwenda moja kwa moja kwenye mikisa. Fanyeni hivyo hivyo kwa kisanduku kile tunachokiita DI. Kukitokea mlio wa umeme, bonyezeni swichi ya kutenganisha ardhi iliyoko kwenye DI. Kamwe, narudia, kamwe msikate waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mlio. Nyuzi za gitaa unazozishika na maikrofoni inayogusa mdomo wako zinaweza kuwa na umeme tofauti, na watu wamekufa jukwaani kwa njia hiyo.

Mbele yenu kuna masanduku mawili yaliyopewa amplifaya moja: la kushoto limezibwa, la kulia lina tundu. Nitaomba wapiga besi watatu wapite mmoja mmoja wapige mstari ule ule, kwanza kwa sanduku hili, kisha kwa lile, bila kugusa kidhibiti chochote. Ninyi wengine msibaki vitini. Gawanyikeni, nusu mkae hapa mbele na nusu mwende hadi ukuta wa nyuma, kisha mbadilishane, na kila mtu aandike kwenye karatasi mahali alipolisikia pengo na mahali alipolikosa. Mafundi mitambo, naomba mwanze na ule ukuta wa nyuma.